Asilimia ya Upasuaji wa Uzazi: Asilimia ya Nani?

Kila takwimu mpya za uzazi zinapotoka, ugomvi wa zamani huamka upya. Utafiti wa Viashiria vya Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania watoto kama 11 katika kila 100 huzaliwa kwa upasuaji; katika utafiti wa 2015–16 walikuwa 6. Kenya, kwa kipimo cha aina hiyohiyo, ilitoka 9 mwaka 2014 ikafika 17 mwaka 2022. Mmoja akisikia hivyo husema hospitali zinasaka fedha. Mwingine husema madaktari hawana subira. Wapo wanaowasingizia akina mama wenyewe kwamba siku hizi hawataki uchungu, na wapo wanaoshukuru kwamba vyumba vya upasuaji vimesogea hadi kwenye vituo vya afya. Wote wanaishika namba ileile, na hakuna hata mmoja anayeweza kuthibitisha neno lake kwa namba hiyo, kwa kuwa haisemi ni akina nani waliopasuliwa.

Swali hilo la akina nani ndilo lililozaa mfumo wa makundi kumi unaotumika sasa katika hospitali nyingi duniani. Unasifiwa sana, na kwa haki. Lakini una mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kukosea zaidi kuliko asiyekuwa nao kabisa.

Mkanganyiko ulikoanzia

Mwaka 1985 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, walikutana Fortaleza nchini Brazil. Walihitimisha kwamba hakuna sababu ya eneo lolote kuwa na upasuaji wa uzazi unaozidi asilimia 10 hadi 15. Kauli hiyo ilihusu maeneo: mkoa mzima, nchi nzima, wazazi wa kila hali wakiwa wamechanganyika. Ilivyozidi kunukuliwa ilipoteza maneno yake ya mwanzo, ikabaki namba tupu, na namba hiyo ikabandikwa kwenye hospitali mojamoja kama kibao cha mwendo barabarani. Hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa waliokwisha kushindikana kwingine ikalaumiwa kwa kuvuka 15. Hospitali ndogo inayowapasua wanawake wasio na tatizo lolote ikapita salama chini ya kibao.

Mwaka 2015 WHO ilitoa tamko jipya. Ilieleza kwamba katika ngazi ya jamii, upasuaji ukivuka asilimia 10 hauonekani kuendana na kupungua zaidi kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga, na kwamba juhudi zielekezwe kumfikia kila mama anayeuhitaji upasuaji kuliko kuifukuzia asilimia fulani. Tamko hilohilo lilipendekeza hospitali zitumie mfumo huo wa makundi kumi, unaoitwa wa Robson, kuhesabu na kulinganisha. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye kazi, na ndiyo iliyosikika kidogo.

Kwa nchi zetu namba moja ina hatari ya ziada. Duniani kote upasuaji wa uzazi umepanda kutoka asilimia 7 mwaka 1990 hadi 21, na katika Brazil, Misri na Uturuki umevuka nusu ya uzazi wote. Kusini mwa Sahara bado ni kama asilimia 5. Ndani ya nchi moja hali zote mbili hukutana: mama wa kijijini mwenye uchungu wa siku mbili anakosa gari la kumfikisha penye chumba cha upasuaji, na mama wa mjini mwenye mimba isiyo na shida anapasuliwa saa chache baada ya kuingia leba. Wastani wa hao wawili unaweza kutoka mzuri kabisa kwenye karatasi, na huku kila mmoja amekosewa kwa namna yake.

Makosa hayo yana gharama ya uhai. Uchunguzi wa matokeo ya upasuaji uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta vifo vya akina mama zaidi ya 5 katika kila upasuaji wa uzazi 1,000, mara kama 50 ya ilivyo katika nchi tajiri. Kutokwa damu nyingi na matatizo ya ganzi na nusukaputi yalikuwa na sehemu kubwa. Kwa hiyo kumnyima mama upasuaji anaouhitaji ni hatari, na kumpa asiouhitaji pia ni hatari, hasa pale ambapo chupa ya damu haipatikani usiku.

Kuhesabu kwa sababu, kuhesabu kwa uharaka

Kabla ya makundi kumi, njia iliyozoeleka ilikuwa kuorodhesha sababu za upasuaji: uchungu kutosonga mbele, mtoto kuchoka, kovu la upasuaji uliopita, mtoto kutanguliza makalio. Ni njia ya kawaida na daktari huihitaji kwa mgonjwa aliye mbele yake. Inapofika kwenye kulinganisha, inaleta shida. Mama mmoja huwa na sababu mbili au tatu kwa pamoja, na kila mwandishi wa faili huchagua ya kwake. Uchungu kutosonga kwa daktari huyu ni saa nne bila mlango wa uzazi kufunguka zaidi. Kwa yule ni saa mbili. Mtoto kuchoka ni hukumu inayotegemea aliyesikiliza mapigo ya moyo, alisikiliza mara ngapi na kwa kifaa gani. Juu ya yote hayo, sababu huandikwa baada ya uamuzi kufanyika, na mwenye wasiwasi wa kuulizwa ataandika ile isiyoulizwa.

Njia ya pili hupanga kwa uharaka. Mwaka 2000 D. N. Lucas na wenzake nchini Uingereza walipendekeza madaraja manne: uhai wa mama au mtoto uko hatarini sasa hivi, kuna shida lakini haijafikia kutishia uhai papo hapo, hakuna shida ila mtoto anahitaji kutoka mapema, na upasuaji uliopangwa kwa siku inayowafaa mama na wahudumu. Uingereza waliyachukua madaraja haya, na miongozo yao huitaka timu imtoe mtoto wa daraja la kwanza ndani ya dakika 30 tangu uamuzi. Faida yake ni kubwa kwa watu wa ganzi, wa damu na wa chumba cha upasuaji, kwani neno moja linawaambia wote wakimbie kiasi gani. Ila haligusi swali la kama upasuaji wenyewe ulihitajika. Mama aliyecheleweshwa mpaka mtoto akaanza kufa huingia daraja la kwanza, na takwimu zitaonyesha timu ilikimbia vizuri.

Kuna na njia ya tatu, ya kuhesabu tu zile sababu za uhai wa mama ambazo hazina mjadala: mtoto aliyekingama, nyonga isiyopitisha mtoto, mfuko wa uzazi uliopasuka, kondo la nyuma lililoziba njia au kuachia kabla ya wakati kwa kutoa damu nyingi. Ilikusudiwa kupima ni akina mama wangapi wanakosa upasuaji, na kwa wilaya za mbali ina nguvu zake hadi leo. Kwa hospitali ya mjini haitoshi, kwa kuwa upasuaji mwingi wa mjini uko nje ya orodha hiyo.

Makundi kumi ya Robson

Michael Robson, daktari wa uzazi aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Taifa ya Uzazi mjini Dublin, Ireland, alichapisha mfumo wake mwaka 2001. Aligeuza mahali pa kuanzia. Badala ya kuupanga upasuaji, alimpanga mama. Kila anayeingia kujifungua hupewa kundi, awe atajifungua kwa njia ya kawaida au kwa kisu, na kundi hilo hutokana na mambo sita ambayo mkunga yeyote huyauliza: amewahi kuzaa au ni uzazi wa kwanza; ana kovu la upasuaji; uchungu umekuja wenyewe, ameanzishiwa, au hakuufikia kabisa; ana mtoto mmoja au zaidi; mimba imetimiza wiki 37; na mtoto amekaaje.

Makundi mawili ya mwanzo ni ya wazazi wa kwanza wenye mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa na mimba iliyotimia: la 1 ni wale ambao uchungu umekuja wenyewe, la 2 ni walioanzishiwa au waliopasuliwa kabla ya uchungu. La 3 na la 4 hufuata mgawanyo huohuo kwa wanawake waliokwisha kuzaa na wasio na kovu. La 5 ni la wenye kovu, mtoto mmoja, kichwa chini, wiki zimetimia. Makundi ya 6 na 7 ni ya watoto waliotanguliza makalio, la 8 ni la mapacha, la 9 ni la mtoto aliyekingama, na la 10 ni la mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa kabla ya wiki 37.

Hakuna mama anayeweza kuingia makundi mawili, na hakuna anayebaki nje. Mwaka 2011 mapitio ya mifumo 27 ya kuainisha upasuaji wa uzazi yaliona kwamba mifumo inayoanzia kwa mama ndiyo inayofaa zaidi, na wa Robson ukiwa mbele. Mwaka 2017 WHO ilitoa mwongozo kamili wa kuutumia.

Hospitali mbili, namba moja

Nguvu ya mfumo huonekana kwa hesabu ndogo ya mfano. Tuchukue hospitali mbili, kila moja na wazazi 1,000 na upasuaji 300, yaani asilimia 30 kila moja. Katika ya kwanza, wenye kovu wa kundi la 5 ni 200 na 150 kati yao wamepasuliwa. Makundi ya 6 hadi 10 yana wazazi 200, waliopasuliwa 110. Waliobaki 600 wa makundi manne ya mwanzo wamepasuliwa 40 tu. Katika ya pili, kundi la 5 lina wazazi 60 na upasuaji 50. Makundi ya 6 hadi 10 yana 60 na upasuaji 30. Wazazi 880 wa makundi ya mwanzo wamepasuliwa 220. Ya kwanza imempasua mama wa makundi hayo ya mwanzo mmoja katika 15. Ya pili, mmoja katika wanne. Gazeti likiandika asilimia 30 kwa zote mbili litakuwa limesema kweli, na msomaji hataambulia kitu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa takwimu huliheshimu: jedwali hujikagua lenyewe. Mtoto aliyekingama hawezi kuzaliwa salama kwa njia ya kawaida akiwa amekaa hivyo, kwa hiyo kundi la 9 lazima liwe na upasuaji asilimia 100, na ukubwa wake huwa chini ya mzazi mmoja katika 100. Hospitali ikileta kundi la 9 lenye asilimia 70, kuna mtu ameandika vibaya, na hakuna haja ya kuendelea kusoma mpaka vitabu virudiwe. Waliotanguliza makalio, yaani kundi la 6 na la 7 kwa pamoja, kwa kawaida ni 3 hadi 4 katika 100. Kundi la 3, la wanawake waliokwisha kuzaa na ambao uchungu umewajia wenyewe, kwa uzoefu wa WHO halitarajiwi kuvuka asilimia 3. Likivuka sana, ama wenye kovu wamechomekwa humo kimakosa, ama leba ina tatizo la kweli. Yote mawili ni habari muhimu.

Kilichoonekana Muhimbili

Mfano wa karibu na uliochambuliwa vizuri ni wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Watafiti walipanga kwa makundi ya Robson uzazi zaidi ya 130,000 wa kuanzia mwaka 2000 hadi 2011, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Upasuaji ulikuwa umepanda kutoka asilimia 19 hadi 49.

Utetezi wa kwanza unaokuja akilini ni ule wa rufaa: Muhimbili hupokea walioshindikana katika hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, basi upasuaji lazima uwe mwingi. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Lakini jedwali lilionyesha kwamba upasuaji ulikuwa umepanda hata kwa wanawake wa hatari ndogo, wale wa mtoto mmoja, kichwa chini, wiki zimetimia, na vifo vya akina mama hospitalini havikupungua katika miaka hiyo. Bila makundi, hoja ya rufaa ingemaliza mazungumzo. Kwa makundi, mazungumzo ndiyo kwanza yalianza.

Kisha likaja swali la kwa nini, na hapa jedwali lilinyamaza. Jibu lilitafutwa kwa kukaa na madaktari na wakunga na kuwauliza. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni woga wa kulaumiwa: mtoto akifa baada ya kusubiri, aliyesubiri ataitwa kujieleza, mama akipasuliwa bila haja, hakuna atakayeuliza. Mizani ya lawama imeinama upande mmoja, na mtu mwenye familia na kazi huinama nayo. Hili naliona zito kuliko hoja ya fedha inayopendwa vijiweni, ingawa fedha nazo zipo. Bima ya NHIF ya Kenya, kabla ya kubadilishwa, ililipa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na pengo la namna hiyo haliwezi kukosa kuvuta uamuzi mahali fulani.

Mambo ambayo jedwali halioni

Wanaoupinga mfumo, au wanaotaka uongezewe, wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Robson haulizi kama mama ana kifafa cha mimba, virusi vya Ukimwi, kisukari, au kondo lililoziba njia. Mama mwenye presha ya kutisha na mama mwenye afya tele hukaa kundi la 2 pamoja wakishaanzishiwa uchungu. Kundi la 10 linamweka mtoto wa wiki 28 na wa wiki 36 kwenye kiti kimoja. Tena jedwali la msingi halisemi mtoto alitoka hai au la.

Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi. Hospitali inaweza kushusha upasuaji wa kundi la 1 kutoka asilimia 25 hadi 8 kwa njia mbili: kumsimamia mama vizuri katika uchungu, au kumwacha. Kwenye jedwali tupu, njia hizo mbili hufanana. Ndiyo maana kila safu ya makundi inapaswa kuandamana na idadi ya watoto waliofia tumboni, waliozaliwa wakishindwa kupumua, na akina mama waliotokwa damu nyingi. Mwongozo wa WHO wenyewe unaruhusu nyongeza hizo, na Robson tangu mwanzo alikusudia makundi yawe kabati la kuwekea matokeo mengine. Wanaochukua kabati tupu na kuliita ripoti wanaikosea nia yake.

Kuna na ugumu wa umri wa mimba. Mpaka wa wiki 37 unahitaji mama ajue tarehe ya hedhi ya mwisho au awe amepimwa kwa utrasaundi mapema, na wengi huanza kliniki mimba ikiwa kubwa. Kosa la wiki mbili linamhamisha mama kutoka kundi la 1 hadi la 10. Vilevile watu huchanganya kuanzisha uchungu na kuuongeza nguvu. Mama aliyekuja na uchungu wake kisha akawekewa dripu kuuharakisha anabaki kundi la 1. Akiandikwa la 2, picha yote ya wazazi wa kwanza inaharibika. Ni makosa ya mafunzo, na mafunzo yanayatibu.

Kalamu ya mkunga

Tanzania ina faida moja ambayo haisemwi sana. Katika vitabu vya mfumo wa taarifa za afya, MTUHA, Kitabu namba 12 cha leba tayari kinabeba mengi ya mambo yanayohitajika, na mengine yamo kwenye kadi ya kliniki. Kazi ya ziada kwa mzazi mmoja ni ya dakika chache.

Dakika hizo, hata hivyo, ni za nani? Mkunga mwenye wazazi watano leba kwa wakati mmoja anayetakiwa ajaze safu nyingine atazitoa kwenye kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto au kujaza patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu. Hapo takwimu inakuwa imelipiwa na mtoto. Nchi zinazofanya vizuri huyaandika mambo sita mara moja, mama anapolazwa na anapojifungua, na kompyuta hupanga kundi. Pasipo na kompyuta, karani wa takwimu apange mwisho wa siku kutoka kitabuni. Mkunga asipewe karatasi ya pili.

Kwa Zanzibar kuna ushahidi wa nini kinaweza kufanyika leba yenyewe ikishughulikiwa kwanza. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mradi wa PartoMa uliandaa pamoja na wahudumu mwongozo mfupi wa mfukoni unaolingana na hali halisi ya hapo, wakaufanyia mafunzo ya mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kwa takriban theluthi, kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Jedwali lolote lingeweza kuonyesha tatizo. Kilicholipunguza ni watu kusikiliza, kupima na kuamua kwa wakati.

Kipi kitangulie

Nikiyaweka haya yote kwenye mizani, mfumo wa Robson unastahili kuwa hesabu ya msingi ya kila hospitali inayopasua, kwa sababu kati ya njia hizi ndio pekee unaowahesabu na wasiopasuliwa. Madaraja ya uharaka yabaki chumba cha upasuaji, yanakofaa. Sababu ya upasuaji iandikwe, lakini kwa orodha fupi yenye maana moja kwa wote, na iwe ndani ya kundi: mama wa kundi la 1 aliyepasuliwa kwa uchungu kutosonga, pamoja na patografu yake. Hapo tu ndipo sababu inapoweza kukaguliwa.

Nisingekubali makundi haya yageuzwe fimbo. Mfuko wa bima ukianza kulipa au kukata kwa asilimia ya kundi la 1, wazazi wa kundi la 1 watahamia kundi la 2 kwa kalamu ndani ya mwezi mmoja. Kuzipanga hospitali kwenye orodha ya wa kwanza na wa mwisho kutaleta hilohilo. Thamani ya jedwali iko kwenye hospitali kujilinganisha na nafsi yake ya mwaka jana, na na wenzake wa ngazi yake.

Kundi la kuanza nalo ni la 1, kisha la 3. Kundi la 5 ndilo huchangia upasuaji mwingi katika hospitali nyingi, na kwa hiyo hulalamikiwa kwanza, lakini likifika leba limeshachelewa. Katika kundi hilo upasuaji wa asilimia 50 hadi 60 huhesabiwa kuwa wa kawaida, na kumjaribisha mwenye kovu uzazi wa kawaida kunahitaji chumba cha upasuaji kilicho tayari saa zote, damu, na mkunga asiyemwacha. Vituo vingi vya afya havina hayo, na kuvisukuma vijaribu ni kuhatarisha mfuko wa uzazi kupasuka mbali na msaada. Kundi la 5 la mwaka 2030 linatengenezwa leo na uamuzi unaofanywa juu ya wazazi wa kwanza. Kovu lisilo la lazima kwa msichana wa miaka 20 anayetaka watoto wanne linaweza kuwa upasuaji mwingine mara tatu, na kila mara kondo la nyuma lina nafasi kubwa zaidi ya kujishika kwenye kovu na kugoma kuachia.

Kwa hiyo kikao cha kila mwezi cha wodi ya wazazi kingeanza na mafaili ya kundi la 1 waliopasuliwa na ya kundi la 1 waliopoteza watoto, yakiwa mezani pamoja, patografu zikiwa wazi, daktari na mkunga wakiwa wameketi upande mmoja wa meza, na mwenyekiti akiwa ameshawahakikishia kwamba hakuna anayeitwa kujieleza.